Wimbo Nilioambiwa Nisiusikie

Watu wa umri wangu wakinikuta sokoni Mtwara hawaniiti kwa jina langu. Wananiita kwa jina la wimbo mmoja. Wengine hata hawasalimii, wanapiga kiitikio chake kwa mluzi, wananyanyua mkono na kupita. Nimetunga nyimbo zaidi ya arobaini. Zipo za mapenzi, za misiba, mbili za mpira, na moja ya kuhimiza vyandarua iliyopigwa kwenye gari la matangazo mpaka betri ikafa. Katika zote hizo wanaoukumbuka ni mmoja tu, na huo mmoja sikuutunga mimi.

Jina lake sitaliandika hapa, wala maneno yake. Nimekatazwa, na mara hii nimekubali kukatazwa.

Mama yetu alivuka Ruvuma akiwa msichana, pamoja na ndugu zake, wakikimbia kazi za lazima za Wareno. Wakatua kijiji kimoja karibu na mahali mto unapoingia baharini, penye mikoko na udongo mzuri wa muhogo. Tulizaliwa wawili tulioishi, dada yangu na mimi. Yeye alinitangulia miaka sita na alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inagonga magoti yake. Mama alikuwa mwimbishaji wa unyago. Wasichana walipoingizwa ndani kufundwa, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo na wanawake wengine wakaitikia. Alipofariki, kazi hiyo ikashikwa na dada. Mimi nilipelekwa shule, nikamaliza kidato cha nne, nikapata ukarani kwenye ghala la korosho mjini, halafu nikauacha kwa ajili ya gitaa. Kwa hiyo tulikuwa waimbaji wawili kwa mama mmoja. Yeye aliimbia ndani ya uzio, mimi niliimbia nje. Kwa miaka mingi hapakuwa na ubaya wowote katika hilo.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, na bendi yetu haikuwa na wimbo wake hata mmoja redioni. Tulipiga Magomeni ya hapa Mtwara, kwenye ukumbi wa baa, kila Jumapili kuanzia alasiri hadi jua kuchwa. Magitaa, ngoma na spika vilikuwa mali ya mwenye baa. Tulipiga nyimbo za bendi za Dar es Salaam na za Wakongo, tukijitahidi zifanane na zilivyo kwenye kanda. Siku moja mwenye baa alikaa mbele yetu na soda yake mpaka tukamaliza, kisha akaniuliza mbele ya wenzangu:

"Mwimbaji, huu mliomalizia, kanda yake unayo?"

"Ninayo, mzee."

"Hata mimi ninayo. Na yule pale anayo. Sasa nyinyi mnanisaidia nini ambacho kanda haifanyi? Kanda haili wali wangu."

Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka. Lakini nilirudi chumbani nikakaa na gitaa siku nyingi, nikitunga na kufuta. Kila nilichotunga kilikuwa na sauti ya mtu mwingine ndani yake.

Juni ya mwaka huo nilikwenda kijijini kumsaidia dada kupulizia salfa mikorosho. Alikuwa mjane, watoto wake wameolewa mbali. Nilibeba pampu mgongoni siku tatu, unga wa salfa ukiniingia machoni na kooni, na siku ya nne homa ikanilaza. Wiki hiyohiyo wasichana walikuwa ndani. Uzio wa makuti ulisimamishwa nyuma ya nyumba ya dada, hatua chache kutoka ukuta wa chumba nilicholala. Desturi inajulikana hata na mtoto wa kiume anayejifunza kutembea. Siku za mafunzo wanaume wa nyumba zote za jirani wanahamia upande mwingine wa kijiji, na hawarudi mpaka wameitwa. Asubuhi bibi mkuu wa unyago, ambaye sisi humwita nyakanga, alipitisha neno kwamba wanaume waondoke.

Dada alikuja akasimama mlangoni.

"Utaweza kutembea?"

Nilijaribu kusimama, nikakaa.

"Basi baki. Lakini ukuta huu ni udongo mtupu, utasikia. Nataka usisikie."

"Nitalala, dada."

"Sijakuambia ulale. Nimekuambia usisikie. Apa."

Niliapa kwa mama yetu. Akachambua sufi kutoka kwenye mto wake, akaniziba masikio kwa mikono yake mwenyewe, akanifunika kanga mbili juu ya shuka. Kisha akafunga mlango kwa nje kwa kamba, kama watu wanavyofunga nyumba isiyo na mtu. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakumwambia nyakanga. Aliyekuwa akivunja mwiko ni yeye, kwa sababu mdogo wake alikuwa anatetemeka.

Karibu na adhuhuri jasho lilinitoka na homa ikashuka. Nikatoa sufi. Nimewahi kujiambia kwamba niliitoa kwa sababu ya joto, au kwamba ilidondoka yenyewe. Niliitoa kwa vidole viwili, sikio la kushoto kwanza, kwa sababu nilisikia sauti ya mbali kama ya mama na nikaitaka yote.

Dada ndiye aliyekuwa akianzisha. Ulikuwa wimbo wa kuwatoa wasichana nje, ule wa mwisho, ambao sikuwahi kuusikia maishani mwangu ingawa uliimbwa na mama niliyelala naye kitanda kimoja. Sauti ilipanda mahali ambapo wimbo mwingine wowote ungeshuka, ikakaa huko juu bila haraka, halafu wanawake wote wakaipokea kwa chini. Walikuwa wakiwafundisha wasichana, kwa hiyo waliurudia mara nyingi, na mimi nikafundishwa pamoja nao.

Jioni dada aliniletea uji.

"Umesikia?"

"Nimelala tu."

Akanigusa masikio. Sufi ilikuwepo. Nilikuwa nimeirudisha.

Niliporudi mjini sikuhitaji hata wiki. Nikaufanya uwe wa mapenzi, mwanamume anamlilia mwanamke aliyehamia ng'ambo ya mto. Nikaongeza magitaa na mahali pa kuchemkia mwishoni, ngoma zikaze mwendo watu wacheze. Nilibadilisha maneno karibu yote. Lakini mistari miwili ya kiitikio ilikataa maneno yangu. Kila nilichoweka pale kilikuwa kama kiatu cha mtu mwingine, basi nikaiacha kama ilivyo. Mpiga solo wetu aliposikia mara ya kwanza aliweka gitaa chini.

"Huu umeutoa wapi?"

"Umenijia tu."

"Ukija mwingine kama huo, ufungulie mlango haraka, usije ukaenda kwa jirani."

Tukapanda meli kwenda Dar es Salaam, tukiwa tumefunga magitaa kwenye mablanketi. Tulirekodi kwa siku moja. Fundi mitambo, mtu asiyependa maneno mengi, alisema tu turudie, tukarudia, akasema basi. Tulikuwa bado hatujapata meli ya kurudi nilipousikia wimbo kwenye redio ya kinyozi. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu akaongeza sauti. Nilisimama barabarani, sikumwambia mtu kwamba ni mimi. Sijapata furaha kama ile tena, na ndiyo maana siwezi kudanganya kwamba tangu mwanzo niliona vibaya. Sikuona vibaya hata kidogo. Nilinunua redio mpya ya betri, nikamtumia dada kwa mtu aliyekuwa akienda huko, nikamwambia amweleze ni ya kunisikilizia mimi.

Hayo ndiyo yanayoniuma kuliko wizi wenyewe. Nilimpelekea kitu cha kumsikilizisha nilichomwibia, nikidhani nimempa zawadi.

Miezi michache baadaye mji wote ulikuwa unaimba. Jumapili Magomeni watu walijaa mpaka madirishani. Wanaume walipenda zaidi ile mistari miwili, walikuwa wakiipigia kelele. Siku moja nilipita karibu na kisima nikawasikia vijana wauza samaki wa baiskeli wakiwaimbia wasichana waliobeba ndoo. Wasichana wawili wa mjini wakawacheka na kuwajibu matusi. Wa tatu, ambaye kwa alivyojifunga kanga alionekana ametoka vijijini, alishusha ndoo, akajifunika uso, akaondoka bila maji. Nilimwelewa. Maneno aliyoambiwa na mama zake mara moja tu katika maisha yake, siku anatolewa nje kuwa mwanamke, alikuwa anarushiwa barabarani na muuza samaki.

Mwaka uliofuata, msimu wa unyago ulipopita, alinifuata mama mmoja wa kijijini kwetu aliyekuwa akiuza ming'oko, vile viazi vya porini, sokoni. Hakuwa na haraka. Aliniuzia kwanza, akanifungia kwenye jani, ndipo akasema:

"Dada yako amekalishwa kikao."

"Kikao gani?"

"Cha wanawake. Wimbo wa ndani unaimbwa baa, unauliza kikao gani? Wamemwita, wamemuuliza, ulimfundisha mdogo wako? Kanyamaza. Ulimuuzia? Kanyamaza. Na ile redio mpya ipo pale mezani kwake. Wamesema basi, redio imejibu."

"Wamemfanya nini?"

"Hawajampiga. Wamemtoa. Msimu huu alibeba maji tu. Akifika kwenye makuti anatua ndoo nje, wenzake wanaichukua." Akapanga upya ming'oko yake. "Amenituma neno moja. Anasema, njoo useme mwenyewe ulivyoupata. Ukisema, watamrudisha. Usiposema wewe, yeye hawezi kusema."

Nikamjibu, "Mwambie naja. Nikirudi tu kutoka Dar."

Nilikwenda Dar. Nikarudi. Sikwenda kijijini.

Nimejiuliza sana kwa nini. Safari ya kwenda kwa dada ilikuwa ya asubuhi moja tu kwa gari la muhogo. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: nilikuwa mgonjwa, alinificha, nikamsaliti. Wanawake wangemwelewa aliyemhurumia mgonjwa. Lakini mimi ningekuwa mwanamume aliyelala nyuma ya uzio wa unyago akisikiliza, na habari hiyo ingefika mjini kabla yangu. Na ningelazimika kusema wimbo si wangu. Watangazaji walikuwa wameshaanza kuniita mtunzi. Miaka ishirini nilikuwa nimesubiri mtu aniite hivyo. Nikajiambia wanawake watasahau, msimu ujao watamhitaji, nani mwingine anajua kuimbisha kama yeye? Nilikuwa naitegemea sauti yake impiganie, na mimi nimekaa kimya.

Wimbo ule ulitubeba miaka kama saba. Tuliimba Lindi, Masasi, Songea, Tanga. Gazeti moja liliniuliza nilimtungia nani, nikasema nilimtungia mke wangu. Mke wangu alisomewa gazeti lile na jirani. Niliporudi aliniwekea chakula akasema, "Mimi ng'ambo ya mto nimehamia lini, mume wangu? Kama una mwingine sema, usinivalishe nguo yake." Sikuwa na mwingine. Lakini sikuweza kumweleza ukweli bila kumweleza wote, basi nikala. Miaka miwili baadaye alichoka kuishi na mtu wa safari, akarudi kwao Masasi na watoto. Tuliachana kwa adabu. Chumba cha Magomeni kikawa kikubwa.

Kijijini nilikwenda mara mbili tu katika miaka hiyo, zote kwa misiba. Dada alinipokea vizuri. Alinipa maji ya kuoga, alinipikia kisamvu na pweza mkavu, aliniuliza habari za watoto. Kuhusu lile jambo hakusema hata neno, na mimi nikashukuru kwa kutosema kwake, Mungu anisamehe. Katika msiba wa pili wanawake walianza kuimba uani wakati maiti inaoshwa. Nilikuwa upande wa wanaume, napaona pale jikoni. Dada alikaa nyuma ya sufuria kubwa, anakoroga ugali wa watu mia, mdomo umefungwa. Hapakuwa na aliyemkataza kuimba nyimbo za msiba. Aliacha zote.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mambo ya bendi yakaisha. Vijana wa muziki mpya walikuja na kanda zao, baadaye sidii, mtu mmoja akisimama peke yake jukwaani na kipaza sauti bila hata gitaa. Mwenye baa aliuza vyombo. Mpiga besi wetu akawa fundi wa kuezeka, mpiga tumba alifariki. Mimi nikanunua kinanda, nikawa napiga harusi na mahafali mchana, mtu mmoja na sauti za bendi nzima ndani ya sanduku. Nilitunga nyimbo bado, na sidhani zilikuwa mbaya. Watu walizisikiliza kwa heshima, wakila, kisha mshereheshaji anasema, "Mzee wetu, sasa tupe ule wenyewe." Nikawapa. Kila mara nilipofika ile mistari miwili nilifumba macho. Walidhani ni hisia.

Siku moja redio ya hapa mjini iliniita kwenye kipindi cha wakongwe, saa nne asubuhi. Mtangazaji alikuwa binti mchangamfu, amejiandaa vizuri, aliniheshimu. Akapiga wimbo, akaniuliza ulinijiaje, nikamweleza hadithi yangu ya ng'ambo ya mto, ambayo kufikia siku hiyo niliielezea vizuri sana. Akafungua simu. Wa kwanza alinipongeza. Wa pili akaomba nimsalimie mkewe. Wa tatu alikuwa mwanamke, na kwa lafudhi yake nilijua ametoka upande wetu kabla hajafika mbali.

"Namsalimia mzee hapo studio."

"Anakusikia mama, endelea."

"Mimi swali langu dogo. Mbona kasema habari za mto, hajasema habari za dada yake? Muulizeni dada yake anaimba wapi siku hizi."

Binti akanitazama akitabasamu, akidhani ni utani wa kijijini. "Mzee, unaulizwa dada naye ni mwimbaji?"

Na mimi nikainama kwenye kipaza sauti nikasema, "Simu haisikiki vizuri."

Ilisikika vizuri kabisa. Mji wote uliisikia. Binti akapiga tangazo. Nilitoka nje ya studio nikakaa kwenye kibaraza. Miaka tisa nilikuwa nimejiambia kwamba nimekawia tu, kwamba nitakwenda. Pale redioni nililetewa mlango ukiwa wazi, nikausukuma kwa mkono wangu. Nikaona kwamba sikukawia, nilikataa.

Wiki iliyofuata nilipanda gari kwenda kijijini. Sikwenda kwa dada. Nilikwenda moja kwa moja kwa nyakanga.

Alikuwa amezeeka, jicho moja limefunga, amekaa na wenzake wawili wakimenya muhogo. Niliketi chini kwenye mchanga, nikasalimia.

"Nani huyo?"

"Ni yule mwimbaji," mmoja akamwambia.

"Ahaa. Bwana mwimbaji. Mbona mikono mitupu? Gitaa limeugua?"

"Nimekuja kusema, bibi."

"Sema. Sisi hatuna redio hapa, sema kwa mdomo."

Nikasema yote. Homa, kamba ya mlango, kanga mbili, sufi, kiapo. Nikasema dada hakunifundisha wala hakuniuzia, na redio niliituma mimi bila yeye kuomba. Nilipomaliza walikuwa wameacha kumenya.

"Kwa hiyo ulikuwa na homa," nyakanga akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Homa gani hiyo inayolaza miguu na kuacha masikio yamesimama?"

Wale wawili wakacheka, wakapigana mabega. Mmoja akasema, "Mwacheni, huyu si mwanamume, huyu ni redio. Anameza maneno ya watu, anatapikia barabarani." Wakacheka tena mpaka wakajifuta macho. Nilikaa nikachekwa. Ilikuwa haki yao, na nilijua kicheko kitakwisha na kitakachobaki hakitakuwa kicheko.

Kikaisha. Nyakanga akatuma mtu amwite dada kutoka shambani.

Alifika na udongo mikononi. Aliponiona nimekaa chini mbele yao alisimama mbali kidogo, akaweka jembe begani kama mtu anayepita tu.

"Mdogo wako kasema," nyakanga akamwambia. "Tulikuhukumu kwa ulilonyamazia. Ulipomficha ungetuambia, tungemhurumia huyo mgonjwa, tungehamisha uzio. Hilo ni kosa lako. Lakini kuuza hukuuza. Msimu huu utaingia ndani."

Dada akasema, "Nimesikia." Basi.

Nikasema niko tayari kulipa faini, mbuzi au chochote. Nyakanga akakunja uso.

"Mbuzi tumfanye nini, tumfundishe kuimba? Sikiliza. Wimbo ule usiuimbe tena, wala usitaje jina wala maneno yake, popote, hata chooni kwako. Na wasichana wakiwa ndani, wewe hulali kijiji hiki. Sio nyumba ya dada yako tu. Kijiji. Wenzako tunawahamisha upande wa pili. Wewe tunakuhamisha mjini."

Nikakubali. Dada alinisindikiza mpaka njia ya magari. Tulitembea, yeye mbele. Tulipofika nikamuuliza kitu ambacho sikuwa na haki ya kukiuliza.

"Dada, kwa nini wewe hukusema?"

Akageuka. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Niseme nini? Kwamba nilimfungia mtoto wa mama yangu ndani apone, akaamka akaniibia? Ningewezaje kulisema hilo na kesho nikakupikia? Lile lilikuwa la kusema wewe. Nilikuachia." Akatazama barabara. "Nilikuachia miaka tisa, mdogo wangu. Sasa hivi nina miaka sitini. Sauti unadhani inasubiri?"

Gari likaja. Nikapanda.

Ahadi nimeitunza, na imeniondolea kazi. Mara ya kwanza ilikuwa harusi ya mchana hapahapa Magomeni. Mshereheshaji akaomba ule wenyewe. Nikasema huo siuimbi tena. Akadhani napandisha watu hamu. "Mzee anaringa! Tumbembeleze!" Watu wakapiga makofi. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba wimbo ule si wangu, niliuchukua kwa watu bila ruhusa. Mtu mmoja akacheka, na mwenye mitambo akaona njia rahisi. Alikuwa na sidii. Akaipiga. Sauti yangu ya miaka ile ikatoka kwenye spika, changa, safi, na watu wote wakainuka kucheza, bibi harusi katikati. Nilisimama nyuma ya kinanda changu mikono chini. Hakuna aliyenitazama. Wimbo ulikwisha, wakashangilia, wakaurudia.

Hilo sikuliwaza nilipokubali amri ya nyakanga. Mimi naweza kufunga mdomo, lakini siwezi kuzirudisha zile kanda. Vijana wanaupiga kwenye simu zao sasa, umepunguzwa na kuongezwa, na ile mistari miwili bado imo. Baada ya harusi ile simu za kuniita zikapungua. Mtu anamwita mwimbaji wa wimbo fulani, akifika hauimbi, amwite wa nini? Kinanda kipo chini ya kitanda, nimekifunika kanga ya zamani. Asubuhi huwa napiga gitaa kidogo, nyimbo zangu zile nyingine, mlango ukiwa wazi. Jirani anayekaanga mihogo huniambia zinamsaidia kupitisha muda.

Juni iliyofuata dada alikuja mjini, jambo ambalo si kawaida yake. Alikuja na wenzake wawili kununua kanga za wasichana. Wao wakabaki sokoni, yeye akaja mpaka chumbani kwangu kama saa nne. Nilimpa kiti pekee nilichonacho, nikakaa kitandani, nikachemsha chai. Alikitazama chumba chote.

Alipofungua mdomo kunisalimia sauti ilikwaruza. Nikadhani anaumwa, nikauliza kama ni kifua.

"Sio kifua," akasema. "Ni wiki ya pili hii. Kila siku tunawafundisha kutwa, nao vichwa vigumu hawa, si kama sisi." Akakohoa, akanywa chai. "Miaka tisa koo halijafanya kazi, limekuwa kama bawaba yenye kutu. Juu kule sifiki tena. Naanzisha, nikifika pale yule mjane jirani yangu ananipokea."

"Lakini unaanzisha wewe."

"Naanzisha mimi."

Nilitaka kumuuliza kama wanauimba ule wa mwisho au wameuacha, kama wasichana wakiusikia hawacheki kwa kuwa wameshausikia barabarani. Sikuuliza. Halikuwa swali la mwanamume, na zaidi ya wanaume wote halikuwa langu. Niliangalia mikono yake imeshika kikombe, nikajua kwamba kati yetu kutakuwa na mambo mengi ya namna hiyo mpaka mmoja wetu azikwe.

Alimaliza chai, akasimama, akajifunga upya kanga yake.

"Mwezi huu usije," akasema.

"Sitakuja, dada."

"Nitakutumia muhogo na mtu."

Nilimsindikiza hadi kona ya barabara. Wenzake walikuwa wanamngojea na mafurushi ya kanga. Walinisalimia kwa upole, nami nikawaitikia, kisha wote watatu wakanyamaza kidogo, kwa adabu, wakisubiri niondoke ndipo waendelee na mazungumzo yao. Nikaondoka.